Akili za Wajina

Nilimtumia wajina wangu riwaya yangu siku ya Jumatatu, na kufikia Alhamisi hakuwa amesema neno. Niliitia katika bahasha ya kaki, nikaizungushia selotepu mpaka ikawa ngumu kama ubao, nikaiacha kwenye ofisi ya vifurushi pale stejini Meru. Karani aliniuliza ndani kuna nini. Nikamwambia karatasi. Akaibonyeza kwa kidole akasema karatasi hazifungwi hivi, mama, labda ziwe za korti.

Sikucheka. Mimi na wajina hatupitishi siku bila ujumbe, hata kama ni wa kuniambia ng'ombe amekataa kula. Sasa siku nne, kimya. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na juma lile nilikuwa darasani nikifafanua methali ya kimya kingi kina mshindo mkuu, nikajikuta nimesimama na chaki mkononi, nimesahau nilikuwa naisemea nini. Wanafunzi walidhani ni mbinu ya ufundishaji.

Nilikuwa nangoja hukumu. Ndani ya zile karatasi kulikuwa na siri niliyomficha miaka ishirini na mitano, na ni mimi mwenyewe niliyeifikisha mlangoni kwake. Akiiona, nitampoteza. Na sina mwingine wa aina yake: Baba na Mama tumeshawazika, nina mume na watoto ninaowapenda, lakini mtu aliyenijua tangu meno ya utoto yaking'oka ni mmoja tu. Nilimpenda na nilimwogopa, na juma lile hofu ndiyo iliyokuwa juu.

Wajina ni mtu mnayeitwa naye jina moja. Kwetu Embu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Baba yangu na marehemu ndugu yake kila mmoja alipata binti wa kwanza mwaka ule ule, wajina akinitangulia kwa miezi miwili, na wote wawili tukaitwa jina la Cucu, yaani nyanya. Cucu alikuwa bado hai, na alikuwa mwanamke wa amri. Siku ya ubatizo akasimama kanisani akasema kama tumechukua jina lake la nyumbani, tuchukue na la kanisani, hataki kugawanywa vipande. Kisha baba mdogo akafariki, mama yake wajina akaolewa kwingine, na mtoto akaletwa kwetu Kanja akiwa na miaka mitano. Baba alipotuandikisha shule, akatupa jina la tatu lile lile, la babu. Kwa hiyo tukawa watu wawili wenye majina matatu yasiyotofautiana hata herufi. Walimu wakatuandika mmoja A, mwingine B. Mimi nilikuwa A, ingawa yeye ndiye mkubwa, kwa sababu baba yangu alikuwa kwenye kamati ya shule.

Nyumbani tuliitana wajina tu. Hadi leo simu yangu ikiita, ndilo linalotokea.

Riwaya yenyewe ni ya mambo ambayo hayajatokea. Ni Meru hii hii, ila miaka mingi mbele, madaktari wamejifunza kupandikiza akili. Hakuna mashine wala waya. Wanachukua kipande kidogo kutoka ubongo wa mtu mwenye kipaji, nilikiita kikonyo, wanakiunga kwenye ubongo wa mtu wa kawaida, na baada ya majuma machache yule wa kawaida anaamka na akili ambazo hakuzaliwa nazo. Binti wa watu wakubwa mjini anapewa kikonyo cha binti wa kijakazi wao. Anakuwa mtu wa ajabu. Anamaliza kitabu kabla chai haijapoa, anagundua dawa, wakubwa wanampigia simu kumwomba ushauri. Ila kila siku anaishi na hofu kwamba kiungo kitaoza, kidondoke mbele za watu. Yule binti aliyekatwa nilimwandika akiwa ameketi jikoni, mpole, anatabasamu, hajui alichopoteza. Nilijivunia sana sura zile. Nililia nikiziandika, nikadhani machozi ni dalili ya ukweli.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wahenga hawakuingia saluni za Meru, ambako unaketi na zako chache na kuinuka na za mwanamke wa nchi usiyoijua. Mimi mwenyewe siku niliyoandika sentensi ya kwanza nilikuwa nimesukwa za kununua.

Mhariri alitaka riwaya iitwe Akili Bandia. Nilimwambia wajina hivyo kwa simu, miezi kadhaa kabla, kama mzaha. Yeye ni fundi wa miche, ana kitalu cha makadamia na parachichi, na msimu uliotangulia alikuwa ameuziwa mbolea iliyokuwa mchanga mtupu uliopakwa rangi. Neno bandia lilikuwa bado linamuuma, hata akaacha Kiembu akanijia kwa Kiswahili.

"Bandia aje? Kama ile mbolea?"

"Bandia maanake ni ya kutengenezwa, wajina. Si ya kuzaliwa nayo."

"Hapana. Mimi najua bandia. Bandia ni ile kitu mtu anakuuzia na anajua. Kama hakuwa anajua, hiyo si bandia, hiyo ni makosa tu."

Nikabadilisha mazungumzo, nikamuuliza habari za mvua. Maana mimi nilijua.

Sasa niyaseme. Matokeo ya mtihani wa darasa la nane yalipotoka, mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwa baiskeli, jasho linamtoka, akaweka karatasi juu ya meza ya sebuleni na kusema, "Mzee, mtoto wako ameongoza shule nzima." Akalitaja jina. Baba hakuuliza yupi. Mwalimu mkuu naye, aliyekuwa ametufundisha sote wawili, hakusema yupi. Alikuwa amesoma jina na jina lilitosha. Mtoto wako, maana yake mimi. Mwenzangu alikuwa mtoto wa marehemu. Mimi nilikuwa mwenye maneno, wa kukariri mashairi siku ya wazazi. Yeye alikuwa mkimya, na msimu wa kahawa alikosa shule mara nyingi. Baba alininyanyua, na nilikuwa msichana mkubwa tayari, akanizungusha mpaka kiatu kikanitoka.

Nikiwa nimerudishwa chini niliitazama ile karatasi. Jina letu lilikuwepo mara mbili, moja juu kabisa, lingine katikati, na kando ya kila moja namba ya mtihani. Ya juu iliishia na saba. Ya katikati iliishia na nane. Katika chumba cha mtihani nilikaa nyuma ya wajina siku tatu nzima nikitazama shingo yake. Saba alikuwa mbele. Nane nilikuwa mimi.

Mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kusamehewa kwa kunyamaza dakika moja, watu wazima wakiwa wanapiga vigelegele. Lakini barua ya shule ilipokuja Januari, shule kubwa ya bweni ambayo Kanja yote ilikuwa ikiitaja kwa heshima, ilikuwa na fomu ya kujaza, na kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya namba ya mtihani. Baba alinipa kalamu. Niliandika saba kwa mkono wangu. Hapo ndipo kosa likawa langu, na nikitazama mkono huo hata leo, kalamu nyekundu ikiwa ndani yake nikisahihisha insha za watoto wa watu, naweza kukasirika ghafla bila sababu wanayoiona wao.

Yeye alienda shule ya kutwa ya pale pale, hadi kidato cha pili. Baba alipougua, akaacha akabaki nyumbani kumuuguza. Alimlisha, alimgeuza kitandani, alimsomea Biblia, mimi nikiwa bwenini nasomea woga. Maana nilikuwa wa mwisho darasani muhula wa kwanza. Nilijifunza kuwa na akili kwa hofu tu, nikiogopa siku mtu atakapoingia na karatasi na kusema kuna kosa. Hakuingia mtu. Nikafaulu, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikaandika kitabu.

Na sababu ya kumtumia? Mhariri alitaka mtu anayejua kupandikiza miche apitie sura za upasuaji, ili wasomaji wakulima wasitucheke. Nilijiambia hiyo ndiyo sababu, na wakati nafunga bahasha niliiamini kabisa. Uongo mtamu zaidi ni ule unaojiambia mwenyewe ukiwa umeshika selotepu.

Alhamisi ile mume wangu alinikuta jikoni nimeshika simu. Yeye ni wa Kangeta, kazi yake ni miraa, na mzaha wake wa siku zote ni kwamba kitabu changu kimechelewa, maana kwao Igembe akili ya kuongeza imekuwepo tangu zamani, inauzwa kwa kibunda, na jioni inarudi ilikotoka. Siku hiyo hakufanya mzaha.

"Kwani ulimtumia kitabu ama ulimtumia samansi ya korti?"

Nikamweleza yote. Nilikuwa sijawahi. Alisikiliza akiwa amesimama, akavuta kiti akakaa, na hakuuliza swali hata moja mpaka nilipomaliza.

"Enda umuone," alisema. "Usipige simu. Mambo kama hii haiendi na simu."

Kabla sijajibu, simu ikalia mkononi. Ujumbe wa wajina huanza na Bwana asifiwe, huuliza habari za watoto mmoja mmoja, kisha ndipo yeye aseme alichotaka. Huu ulikuwa na maneno mawili. *Nimemaliza. Kuja.*

Jumamosi asubuhi mume wangu alirudi kutoka sokoni Kangeta na furushi la miraa bora, limefungwa kwa majani ya ndizi, kamba imekazwa vizuri. Akalitia kwenye mkoba wangu. Nikamwambia wajina hatafuni kitu hicho, yeye ni mama wa kanisa, na isitoshe watu wa Embu mkiwaletea miraa mnawatukana, wana muguka yao, miraa ya majani. Akasema si ya kutafuna. "Kwetu mtu akienda kuomba jambo zito, haendi mikono mitupu. Anabeba hii. Hata kama mwenyewe hatakula, ataona umekuja kuomba." Nilikuwa sina nguvu za kubishana, nikafunga zipu.

Nilifika Kanja saa nne. Wajina alikuwa kitaluni, chini ya neti nyeusi, amevaa gambuti na leso kichwani, miwani yake ya kusomea imefungwa kwa uzi shingoni. Miche ya makadamia ilikuwa imepangwa mistari kwa mistari kwenye vifuko vyake vyeusi vya nailoni. Kwenye benchi, chini ya jiwe, niliiona riwaya yangu. Ilikuwa imetolewa kwenye bahasha, na pembeni yake vilichungulia vipande vya nailoni, zile tepu nyembamba anazofungia miche. Alikuwa ameweka alama. Nilihesabu kumi na nne, nikaacha kuhesabu.

Tulisalimiana kwa Kiembu, akaniuliza watoto, nikajibu. Alinitazama kichwani. "Umebadilisha nywele," alisema, na hiyo ilikuwa ya mwisho kwa Kiembu. Alipofungua mdomo tena alikuwa ameingia Kiswahili, na nikajua mambo ni mazito. Kwetu Kiswahili ni cha shule, cha ofisi ya chifu na cha polisi. Ndugu hawazungumzi Kiswahili wao kwa wao ila wakiwa na shauri.

"Mwarimu. Shika hapa."

Nikashika mche. Ulikuwa mzuri, umenyooka, una majani mapya ya kung'aa juu. Akatoa kisu, akaukata mara moja kwa mshazari, na sehemu ya juu ikaangukia kiatu changu.

"Nimefanya nini?"

"Umekata."

"Nimekata nini?"

"Kichwa."

"Haya." Akapasua kidogo lile shina lililobaki, akachukua kwenye ndoo kikonyo, kijiti cha mti mwingine, akakichonga ncha, akakiingiza, akafunga kwa tepu akizungusha haraka haraka. Vidole vyake ni vinene, lakini hapo huwa vyepesi kuliko vyangu. "Sasa kwa kitabu yako, hapa penye nimeweka alama ya kwanza. Yule msichana wa mjini wanamwekea akili ya mwenzake. Lakini hawajamkata kichwa. Wamemwekea tu juu, kama kofia. Hiyo haiwezi shika, mwarimu. Yenye ilikuwa hapo kwanza lazima iende. Sasa nikajiuliza, huyu msichana alipoteza nini? Maana hujaandika. Umeandika tu zile vitu alipata."

Miaka yote ningemwambia ni kitabu chako, si kitabu yako. Nimemsahihisha tangu utotoni, hata kwenye matanga ya Baba nilimsahihisha akitoa shukrani. Siku ile sikumsahihisha.

"Nitarekebisha," nilisema.

"Bado. Kuja huku."

Akanipeleka kwenye mti mama, makadamia mkubwa anakokata vikonyo vyake. Upande mmoja ulikuwa umejaa, upande wa pili matawi yalikuwa yamekatwa ncha zote.

"Unaona huu upande? Mwaka huu hautazaa hata moja. Uliza mtu yeyote wa Kanja. Mti ukikatwa unajua. Unafunga kidonda, unakaa, lakini unajua." Aligeuka akanitazama, na mimi nikatazama gome. "Sasa wewe huyu msichana wa pili, huyu wa jikoni, umemwandika anacheka cheka tu, kitabu yote. Wamemtoa akili na hajasikia kisu. Kwa nini umemfanya mjinga?"

"Sikumfanya mjinga, wajina. Nilitaka asiumie."

"Ulitaka nani asiumie?"

Jogoo aliwika kwa jirani. Nakumbuka nilimshukuru yule jogoo kwa zile sekunde alizonipa.

Tulirudi kwenye benchi. Akaondoa jiwe, akavaa miwani, akafungua palipokuwa na kipande cha nailoni chenye fundo. Vingine havikuwa na fundo. Akasoma polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani, pale ambapo daktari mkuu anatoka na kulitaja jina la aliyechaguliwa, na katika ukumbi mzima hakuna anayeuliza ni yupi. Akavua miwani.

"Baba hakuuliza yupi," alisema.

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Nilikuwa mlangoni na sufuria ya chai. Nyinyi wote mlikuwa mnapiga kelele. Niliingia nikaweka chai kwa meza, na hiyo karatasi ilikuwa hapo. Mimi ni saba. Si ni mimi nilikuwa mbele?"

"Umejua miaka yote?"

"Tangu hiyo siku."

"Na hukusema!" Nilisikia sauti yangu imepanda, na nikaona aibu, kwa kuwa nilikuwa namkasirikia yeye. Hivyo ndivyo nilivyo. Nikiwa na hatia, hutafuta mtu wa kugombana naye. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema kwa nyumba ya nani? Nilikuwa nakula kwa Baba, nalala kwa Baba. Nimwambie mzee umekosea, weka mtoto wako chini, inua mimi?" Hakupandisha sauti. "Na mimi sikuwa nangoja Baba. Nilikuwa nangoja wewe. Uliangalia karatasi, ukaniangalia. Nikaona umeona. Nikasema, wajina ataniita huko nje aniambie. Nikachukua mtungi nikaenda mtoni. Nilitembea pole pole ndio unifikie. Nikafika mtoni, nikachota, nikamwaga, nikachota tena. Hukukuja."

Nilikumbuka kwamba alikwenda mtoni. Nilikumbuka nilimwona kutoka dirishani, mtungi mgongoni, na nikafurahi kwamba ameondoka ili nishangilie vizuri.

"Ungeniomba, ningekupa," alisema. "Huko njiani nilikuwa nimeshaamua. Mimi sikuwa napenda hiyo mambo ya bweni. Nilisema akiniomba, nitampa, itakuwa siri yetu sisi wawili. Ningekuwa mtu amepeana. Sasa nikawa mtu ameibiwa. Hiyo ni vitu mbili tofauti, mwarimu, hata kama mwisho ni hapa hapa kwa miche."

Nililia. Yeye hakulia, na hakunizuia. Aliendelea kukata na kufunga miche mitatu au minne, akiipanga upande wake. Nilipojipapasa kutafuta kitambaa na kufungua mkoba, harufu ya majani ya ndizi yaliyopata joto ikatoka.

"Hiyo ni nini iko kwa mkoba?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikalitoa furushi, nikamweleza, kwa aibu, kwamba ni mume wangu, ni mambo yao ya Igembe, mtu akienda kuomba jambo zito hubeba miraa, nisamehe, najua hutafuni.

Alilipokea, akaligeuza, akaikagua kamba jinsi fundi anavyokagua kazi ya fundi mwingine. "Amefunga vizuri," alisema. Kisha akaliweka katikati yetu, juu ya benchi. "Kwa hivyo umekuja kuomba."

"Ndiyo."

"Basi omba."

Nikaanza kwa Kiembu, lugha ya nyumbani, niliyodhani itanibeba. Akainua kisu kidogo, si kwa kunitisha, kwa kunisimamisha tu.

"Kwa Kiswahili. Si ndiyo ulienda kusomea?"

Mimi ni mtu wa maneno. Nina kamusi tatu nyumbani, na ukiniamsha usingizini nitakupa visawe vya kuomba bila kufikiri. Pale juu ya ndoo vyote vilinitoroka. Nilichosema kilikuwa kibovu, na nakiandika hapa kilivyokuwa.

"Wajina, mimi ni nane. Niliona nikanyamaza. Kwenye fomu nikaandika saba, mimi mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Naomba unipe."

"Nikupe nini?"

"Ile nafasi. Najua imeisha. Lakini nipe sasa, ili iwe ulinipa."

Aliweka kisu benchini. Uso wake ulikuwa umelegea, na mimi ninayemjua niliona ametaka kusema ndiyo. Niliona kabisa neno likifika mdomoni. Nikajua nimesamehewa. Nilikuwa tayari nimeanza kupumua.

"Hapana," alisema.

Akalichukua furushi la miraa, akalirudisha kwenye mkoba wangu, akafunga zipu mpaka mwisho.

"Hapana, wajina. Sitaki kukupa." Akachukua riwaya, akakung'uta udongo, akaniwekea magotini. "Andika hivyo. Huyu wa jikoni, aombwe mwishoni, na aseme hapana. Na aseme kwa akili timamu. Usimwekee machozi."

"Na sisi?" nilimuuliza. "Mimi na wewe?"

"Sisi tuko na miche mia mbili, na jua inakuja. Shika hapa."

Nikashika. Alikata vichwa na mimi nikashika, mche baada ya mche, na saa sita akanipikia nduma na chai, tukala tukiongea Kiembu, habari za ng'ombe. Tangu siku hiyo ananitumia ujumbe kila siku kama zamani, Bwana asifiwe na habari za watoto mmoja mmoja. Hajanisamehe, na hajaniacha. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kufanya yote mawili.

Nimeiandika sura ile upya. Binti wa mjini sasa anakatwa kichwa kabla ya kupandikizwa, na nimejaza kurasa nzima za alichopoteza, nikianza na kijia cha kwenda mtoni. Mkataba umekuja pia, na jina la kwenye jalada ni majina yetu matatu. Nilimpigia kumuuliza kama linamkera. Akasema liache hivyo hivyo, wakimuuliza Kanja atawaambia ni yeye ameandika, na nani atamkatalia, ana kitambulisho.

Mhariri ameniuliza mara mbili kama siwezi kulainisha mwisho kidogo, yule binti wa jikoni aseme ndiyo, wasomaji watafarijika. Nimemwambia siwezi. Mwisho si wangu.